Mtumbwi Ulioshuka kwa Mkokoteni

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya kitenge nilichojifunga. Ni siku ambayo mtumbwi ulitoka Ulemo, kwenye mashamba yetu ya alizeti na mtama, ukiwa umepanda mkokoteni wa ng'ombe, na mimi nikitembea nyuma yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Watu waliacha majembe shambani wakaja barabarani kutazama. Wapo waliouliza tunaupeleka kisima gani. Wapo waliocheka bila kuuliza. Mume wangu alikuwa mbele ameshika kamba ya ng'ombe, shingo imenyooka, hajibu mtu. Nisikufiche, niliona aibu. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu niolewe.

Mume wangu ndiye huyu Msengi unayemwona pale kwenye benchi anaranda kasia, anajifanya hasikii. Anasikia kila neno. Nikikosea mahali utamwona anakohoa, basi usimjali, endelea kunisikiliza mimi.

Wakati ule alikuwa fundi seremala kijana, anatengeneza milango, vitanda na mikokoteni. Kwa mikokoteni hakuwa na mpinzani. Siku moja aliitwa kutengeneza milango ya kanisa huku Tulya, kando ya ziwa Kitangiri, na aliporudi nyumbani hakuwa mtu yule niliyemuaga. Alikuwa ameona maji mengi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameona pia mitumbwi ya wavuvi, mibovu, inavuja, imezibwa kwa matambara. Usiku ule aliniambia, "Raheli, kule hakuna fundi. Nitatengeneza mtumbwi wetu wenyewe, tuzunguke ziwa lote mimi na wewe, kambi kwa kambi. Tutaangalia watu, nao wataangalia kazi yangu. Pale tutakapopapenda ndipo tutajenga."

Wewe leo ukiambiwa na mumeo mwende matembezi, unaingia kwenye simu kutafuta nyumba ya wageni. Kwetu sisi jambo hilo halikuwepo. Mke na mume kusafiri pamoja bila msiba, bila harusi, bila mgonjwa, wanatembea tu ndani ya mtumbwi wao? Mama mkwe alipoambiwa alikaa chini kwenye kinu kwanza, ndipo akauliza kama mwanawe amelogwa.

Tulikuwa tunakaa kwenye boma la baba mkwe, Mzee Mkumbo. Hawakuwa watu wabaya. Ila chumba kilikuwa chao, shamba lao, sufuria zao, na hata saa ya kuamka ilikuwa yao. Mzee alikuwa mrefu, mkimya, na akisema jambo lilikuwa limekwisha. Alimwacha Msengi atengeneze mtumbwi wake nyuma ya zizi kiangazi kizima. Ulipokamilika, akauzunguka, akaugonga kwa fimbo, akatoa hukumu yake mbele ya ndugu wote.

"Nendeni mkazunguke hilo ziwa lenu," alisema. "Kabla mvua hazijaanza nitashuka Tulya na ng'ombe. Nikiwakuta mmerudi ndani ya mtumbwi, wote wawili, mtahamia huko na baraka zangu mtapata. Mkirudi kwa miguu, naupandisha mtumbwi kwenye mkokoteni, narudi nao hapa. Utakuwa hori la kunyweshea ng'ombe. Na wewe utaweka randa chini ushike jembe kama wenzako."

Basi ndilo lililokuwa mbele yetu, mwanangu. Nyumba yetu wenyewe, au hori la ng'ombe. Nilikuwa nimeshaliona lile hori kichwani mwangu, limekaa katikati ya zizi, na mimi napita kila asubuhi na ndoo kulijaza maji. Nililichukia kabla halijakuwepo.

Kuna jambo lazima nikueleze hapa, vinginevyo hutanielewa mwishoni. Kwetu enzi zile mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe. Hamtazami usoni. Akija unapisha njia. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mama mkwe, au kwa wifi, likiisha kuzunguka nyumba nzima ndipo linamfikia. Sikuwa naona ubaya wowote. Ndiyo heshima niliyolelewa nayo, na hata leo nikimwona binti anamjibu mkwewe huku anatafuna chingamu, mwili unanisisimka. Lakini mimi kwa kupitisha maneno yangu midomoni mwa wengine, nilizoea kusema kwa sauti ndogo, hata kwa mume wangu. Mawifi walikuwa wananitania kwamba nikiitikia hodi, mgeni anadhani nyumba haina mtu.

Tulifika Tulya tumechoka. Ng'ombe walirudi na shemeji zangu, tukabaki wawili na mtumbwi wetu ufukweni. Wavuvi walikuja kuupapasa. Walisifu mbao, walisifu misumari, wakauliza nyavu ziko wapi. Msengi akawaambia hatuna nyavu, tunakwenda kutembea. Walitazamana, wakaondoka polepole kama watu waliokutana na kichaa mpole.

Tukapakia. Tulikuwa na vitunguu vya kubadilishana na samaki kwenye kambi za wavuvi, unga wa mtama, viazi vikavu, sufuria, blanketi, na kuku mmoja ambaye mama yangu alikataa katakata niondoke bila yeye. Na tulikuwa na sanduku la vifaa vya Msengi: randa, msumeno, patasi, nyundo, vyote alivyorithi kwa mwalimu wake. Lile sanduku lilikuwa zito kuliko mimi.

Sasa wewe umezaliwa kwenye bodaboda, hujui kupakia mkokoteni. Sisi kila mtu alijua. Mkokoteni unapakiwa uzito uegemee mbele kwenye nira. Ukiweka mzigo nyuma, mti wa mbele unainuka na kamba zinawakaba ng'ombe shingo. Msengi alikuwa bingwa wa mikokoteni Iramba nzima, kwa hiyo aliupakia mtumbwi kwa ubingwa wake wote. Sanduku mbele. Vitunguu mbele, juu ya sanduku. Kisha mwenyewe akaenda kusimama mbele kabisa na mti wake mrefu wa kusukumia, mahali anapokaa mtu anayewaongoza ng'ombe. Mimi akaniweka nyuma na kasia, pamoja na kuku.

Unasikia? Amekohoa. Ni kweli, baba, nilisahau: unga nao ulikuwa mbele.

Tulipoingia majini niliona. Mtumbwi uliinamia mbele kama ng'ombe anayekunywa, na kule nyuma nilikokaa mimi ulikuwa umeinuka, kasia langu halifiki vizuri majini. Nikasema, kwa ile sauti yangu, "Msengi, mbele si kumeinama?" Akanijibu bila kugeuka, "Ndivyo unavyopakiwa." Nikanyamaza. Nilisema mara moja, nikanyamaza, na niliona nimetimiza wajibu wangu.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, siwezi kuisahau. Ziwa letu si refu kwenda chini. Sehemu nyingi mtu mzima anasimama, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Lakini lilikuwa limetulia, na ndege weupe walikuwa wamesimama kwenye matete wakitutazama tunavyopita. Hakukuwa na mtu wa kutuita. Hakukuwa na jiko la mtu. Msengi alianza kuimba sauti ya besi ya kwaya, nami nikaingiza sauti ya kwanza, tukaimba mpaka wavuvi wa mbali wakasimamisha kazi. Nilijisikia mke wa mtu kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo nilikuwa mkwe wa watu.

Upepo ulianza mchana. Haukuwa mkubwa. Wimbi dogo likaja likapanda pale mbele kama linapanda ngazi, likaingia. Likafuata lingine. Niliona maji yanatembea chini ya vitunguu yakija kwangu. Nikakaza meno. Unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri, sasa ataona. Mwanangu, maji yanaingia kwenye mtumbwi, nyumba yangu inazama, na mimi moyoni nasubiri mume wangu aone kwamba nilikuwa sahihi.

Akaona. Mbele kulizama kwanza, taratibu, na Msengi akazama nako akiwa bado amesimama na mti wake mkononi. Vitunguu vikaelea vikasambaa ziwa zima. Maji yalitufika kifuani, kwa hiyo hatukufa, lakini chini kulikuwa na tope linalovuta miguu, na kwenye yale matete ya karibu tulisikia kiboko anapumua. Na sanduku la vifaa halikuwepo.

Sijawahi kumwona mwanamume anatafuta kitu kama Msengi alivyotafuta lile sanduku. Alikuwa anazama, anaibuka, anahema, anazama tena. Mimi nilishika mtumbwi uliojaa maji usiende na upepo. Alipolipata kwa miguu, tuliliinua pamoja, tukaliweka ndani ya mtumbwi kule nyuma, tukausukuma tukitembea kwenye tope kuelekea moshi tuliouona ufukweni. Kuku alikuwa amekaa juu ya kichwa changu. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na kwa hofu, na bado, mwanangu, tulipofika maji ya magotini nikafungua mdomo wangu na kusema lile neno nililokuwa nimelitunza tangu asubuhi.

"Nilikuambia."

Kwa sauti kubwa. Hiyo sikuinong'ona.

Basi Msengi naye akalipuka. Kwamba nilimwambia lini, kwamba nilinong'ona kama mtu anayeongea na kuku, kwamba kama niliona tunazama kwa nini sikupiga kelele. Nikamjibu kwamba nani amewahi kusikilizwa akipiga kelele kwenye boma la Mkumbo. Tuligombana tumelowa, tumepakwa tope mpaka nywele, mbele ya kambi nzima ya wavuvi. Wengine walileta vigoda wakae vizuri.

Aliyetuamulia ni bibi mmoja aliyekuwa anakausha samaki na kuwapikia wavuvi pale kambini. Aliitwa Bibi Kabula, Msukuma wa ng'ambo, mnene, ana kitambaa cheusi cha ujane. Mtumbwi hakuujua. Alituambia mwenyewe kwamba hajawahi kupanda na hana mpango huo. Alichokijua ni watu, maana alikuwa amewalisha wengi. Alitupa khanga kavu, akatukalisha kando ya moto, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupakulia ugali na kambare. Hakusema kitu mpaka tuliponawa mikono.

Alianza na Msengi. "Wewe baba, huyu mkeo alikuambia mbele kumeinama?"

"Aliniambia, bibi. Kwa sauti ndogo."

"Ndogo, lakini uliisikia. Ulimjibu?"

"Nilimjibu ndivyo unavyopakiwa."

"Ulikuwa unajua, au ulikuwa unaogopa aonekane anajua?"

Msengi aliangalia moto. Nilidhani hatajibu, kwa sababu kwao hawajibu maswali ya namna hiyo. Akasema, "Bibi, nilikuwa naogopa maji. Tangu tulipoondoka. Nikasema nikianza kuulizwa hili na lile, ataniona naogopa." Nilimtazama. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja muda wote ule, na sikujua kwamba yule mtu aliyenyoosha shingo mbele ya Ulemo nzima alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikaanza kufurahi kidogo, maana niliona kesi imeniangukia vizuri. Bibi Kabula akanigeukia.

"Na wewe mama, usitabasamu. Ulisema mara ngapi?"

"Mara moja, bibi."

"Maji yalipoanza kuingia, ulisema?"

Nikajifunika khanga mpaka kidevuni.

"Sasa nieleze," akasema, na hakuwa amekasirika, ndiyo maana yaliniingia. "Asubuhi ulisema ili asikie, au ulisema ili jioni upate la kumwambia?"

Mwanangu, mama yangu amenisema, walimu wamenisema, mchungaji amenisema. Hakuna neno lililonikuta mahali nilipo kama lile la Bibi Kabula. Nililia pale pale. Alinipa samaki mwingine. Akasema nimelia vya kutosha, sasa tuupakie mtumbwi kesho tukisemezana, na yule atakayenong'ona yeye atamsikia kutoka huku ufukweni aje amchape.

Asubuhi tulipakia upya. Sanduku katikati. Mimi nilisema mbele, Msengi akasema nyuma, tukajaribu, tukatoa, tukajaribu tena, mpaka mtumbwi ukakaa sawa majini kama umelala. Tukafanya makubaliano yetu, ambayo tunayo hadi leo hii. Aliye mbele anataja anachokiona. Aliye nyuma anageuza. Anayeona hatari anaitaja kwa sauti mpaka mwenzake aitikie, na mwenzake anafanya kwanza, maswali tutaulizana tukifika nchi kavu.

Ya kwanza nilisema kwa shida. Nikaona kisiki ndani ya maji, nikasema, "Msengi, kushoto." Hakusikia, upepo ulikuwa unavuma. Bibi Kabula alikuwa bado amesimama ufukweni, mkono kiunoni. Nikajaza kifua nikaita, "Msengi, kushoto!" Matete yote yaliamka, ndege wakaruka, na mtumbwi ukapita pembeni ya kile kisiki bila kukigusa. Kule nyuma nikasikia kambi nzima inapiga makofi.

Basi ndiyo tukaanza safari yenyewe. Nikikusimulia yote utachelewa kula. Tulipita kambi moja hadi nyingine, upande wa Wasukuma, mpaka kule mto unakotokea kwenda ziwa Eyasi, tukageuka tukafuata ufuko wa kwetu. Msengi alikuwa anasema, "Viboko, kulia, karibu na matete," nami naitikia, "Nimewaona, kaa chini, nazunguka." Tulilala kwenye kambi za watu, na asubuhi kabla hatujaondoka tayari kulikuwa na mtu amesimama kando ya mtumbwi wetu anaupapasa, anauliza nani ameutengeneza. Msengi alifungua sanduku lake, akaziba mtumbwi wa huyu, akabadilisha ubao wa yule. Walitulipa kwa samaki na kwa mahali pa kulala. Kwenye kambi ya mwisho walimwambia, ukihamia Tulya tutakuja kwako, usiende kutengeneza vitanda.

Na mimi nilimjua mume wangu. Nilijua anaogopa nini na anacheka nini akiwa hana wa kumwogopa. Yeye naye alinijua. Aliniambia siku moja katikati ya maji, bila kugeuka, "Raheli, sauti yako ni nzuri ikiwa kubwa." Kuna wanawake wamenunuliwa vitu vingi ambao hawajawahi kuambiwa neno kama hilo.

Tuliiona Tulya asubuhi yenye mawingu. Mvua ilikuwa inanukia. Msengi, aliye mbele, alitaja alichokiona, kama tulivyokubaliana. "Mkokoteni ufukweni. Ng'ombe wawili. Baba."

Alikuwa amesimama kando ya maji, fimbo mkononi, kamba za kufungia mtumbwi ziko tayari kwenye mkokoteni. Wanakijiji walikuwa wamejaa, maana habari ya hori ilishawafikia na kila mtu alitaka kuona. Lakini mtumbwi ulikwenda sawa, mwanangu. Ulikwenda umenyooka, mume wangu mbele, mimi nyuma na kasia langu, hatujalowa hata pindo. Tukapanda mchanga taratibu, na kuku akashuka wa kwanza.

Nikashuka, nikapiga magoti kumwamkia mzee, macho chini. Msengi naye akamwamkia. Mzee Mkumbo hakuitikia upesi. Aliuzunguka mtumbwi kama siku ile nyuma ya zizi, akaugonga kwa fimbo. Akauliza, "Mmezunguka lote?" Msengi akasema, "Lote, baba." Akauliza, "Nani alikuwa nyuma?" Msengi akasema, "Mke wangu." Watu wakanong'onezana.

Mzee akavua viatu vyake, akaviweka juu ya mkokoteni, akakunja suruali. Akasema, "Nipelekeni hadi pale kwenye matete, kisha mnirudishe."

Sikujua pa kuweka uso wangu. Baba mkwe na mkamwana ndani ya chombo kimoja, hakuna mama mkwe wa kupitishia neno, hakuna njia ya kupisha. Lakini amesema, na alichosema kimekwisha. Akaingia. Ili asinitazame, akanipa mgongo, akaenda kukaa mbele kabisa, ncha ya mwisho, mahali anapokaa mtu kwenye mkokoteni. Msengi akasimama karibu naye na mti wake. Tukasukuma.

Mbele kukainama.

Niliona maji yanapanda ubao. Wimbi la kwanza likagonga, likarusha matone kwenye magoti ya mzee. Kijiji kizima kiko ufukweni. Msengi ameona, akanigeukia, akanionyesha kwa macho, akangoja. Aliye nyuma ndiye anageuza, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Ile sauti ndogo ilikuja yenyewe kooni, imezoea njia. Nikakumbuka khanga kavu ya Bibi Kabula. Nikajaza kifua.

"Baba, sogea nyuma. Njoo mpaka katikati."

Hata naomba sikusema, nilisahau. Maneno yalivuka maji yakafika ufukweni, nikaona wanawake wanashika midomo. Mzee Mkumbo, ambaye sijawahi kumwona akiambiwa na mtu pa kukaa, akashika ubao mkono huu na huu, akainuka kidogo, akasogea. Akasogea tena. Alipofika katikati mtumbwi ukanyooka, ukalala sawa.

Tulikwenda hadi kwenye matete, nikageuza, tukarudi. Mtumbwi ulipogusa mchanga akashuka, akavaa viatu vyake polepole. Ndipo akamwambia Msengi, ingawa maneno yalikuwa ya kunifikia mimi, kwa sababu heshima yake nayo ilikuwa na njia zake. "Mwambie mkeo nimemsikia." Kisha akawageuza ng'ombe. "Mkokoteni unarudi mtupu," akasema, akaenda zake, na sisi tukabaki Tulya. Mvua ilianza kunyesha hata hajapotea machoni. Nilisimama nikalowa nikicheka, Msengi anacheka, na wale wavuvi waliotuona vichaa wakatusaidia kuuvuta mtumbwi wetu hadi nchi kavu.

Nyumba hii ulimokaa ndiyo tuliyojenga mwaka ule. Mitumbwi mingi unayoiona pale chini imetoka mikononi mwa huyu mzee anayekohoa. Na kila mwaka, kabla ya mvua, tunalizunguka ziwa wawili. Siku hizi watoto wametuwekea injini ndogo kwenye mtumbwi na wanatupigia simu kila kambi, tumefika wapi, tumekula nini. Lakini yeye yuko mbele na mimi niko nyuma.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, wewe unayeanza maisha na mwenzako. Ukiona jambo linainama, liseme wakati kusema bado kunasaidia. Liseme kwa sauti inayomfikia, na akikosa kusikia lirudie, usilitunze moyoni ulitumie jioni kama silaha. Siku hizi nawaona mnaandikiana kwenye simu mkiwa kitanda kimoja, kisha mnafukua ujumbe wa mwezi uliopita kuonyeshana nani alisema. Acheni hayo. Aliyekuwa sahihi na aliyekosea walizama pamoja, na tope lilitupaka wote sawa. Na wewe unayeambiwa, sogea kwanza. Mzee Mkumbo alisogea mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyemwona mdogo. Mpaka anafariki, mimi nilimheshimu zaidi kwa kule kusogea kuliko kwa fimbo yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwenzako wa kweli ndani ya mtumbwi mmoja, mzigo wenu ukae katikati, na upepo wa mchana uwakute mkiwa mnasemezana. Atakayewasubiri na kamba ufukweni aondoke na mkokoteni mtupu. Na wewe, Msengi, acha kuranda hilo kasia. Huyu mgeni wetu anataka kuliona ziwa kabla hajaondoka, na leo mimi nitakaa mbele, wewe utakaa nyuma.